Kabla ya Kutupa, Tusafishe Swichi



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, ambalo hata hivyo limetukosesha usingizi: swichi za deki ya kaseti. Mliohudhuria kikao cha Halmashauri ya Walei mtakumbuka kwamba katika orodha ya vitu vya kuondolewa katika stoo ya parokia ilikuwamo deki moja ya Kijapani ya miaka ya 1980, pamoja na sanduku lenye kaseti 37. Hoja iliyotolewa ilikuwa rahisi kueleweka: deki ni mbovu, kaseti zimepitwa na wakati, na nyimbo siku hizi zimo katika simu. Sisi tuliomba jambo hilo liahirishwe. Leo tunawaeleza sababu, na hatutaficha kosa tulilolitenda wenyewe tukiwa njiani.

Kaseti ya namna tuijuayo ilitambulishwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1963, katika maonesho ya redio mjini Berlin. Lou Ottens, mhandisi aliyeongoza kazi hiyo na ambaye alifariki mwaka 2021, alitaka kifaa kinachoweza kuingia mfukoni. Kwa watu wetu udogo huo ulikuwa na maana kubwa. Kwaya ya kigango isiyo na fedha za studio iliweza kuweka redio kaseti juu ya benchi, ikabonyeza vitufe viwili, na wimbo ukahifadhiwa. Kwa sababu hiyo sanduku letu lina mambo yasiyopatikana katika simu ya mtu yeyote: kwaya ambazo nusu ya waimbaji wake wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na mafundisho ya katekista wetu wa zamani, marehemu, aliyewaandaa wengi wenu kwa Komunyo ya Kwanza. Mjane wake alikuwa amekwisha kutuuliza mara tatu kama ile sauti bado ipo. Mara zote tatu tulimjibu, “Mama, tutaangalia,” nasi hatukuangalia.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea deki, kijana mwenye kibanda karibu na stendi, aliifungua, akaitazama, akaifunga. “Padre, hii imekufa,” alisema. “Na vipuri vyake havipatikani tena.” Hatumlaumu, kwa kuwa alizaliwa wakati kaseti zinaondoka sokoni. Fundi wa pili alikuwa mzee wa kigango kimojawapo, fundi redio aliyekwisha kustaafu. Naye alibonyeza kila kitufe polepole, akasikiliza, kisha akasema, “Baba Paroko, haijafa. Imekaa tu.”

Maneno hayo yanahitaji kufafanuliwa. Ndani ya deki ya aina hii mna swichi moja ndefu ya kuteleza, yenye miguu mingi, ambayo kazi yake ni kuamua kama mashine itasoma mkanda au itarekodi. Kichwa kinachosoma mkanda hutoa umeme hafifu mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya volti, na umeme huo hauna budi kupita katika swichi hiyo kabla ya kukuzwa na kufika kwenye spika. Mahali vyuma vya swichi vinapogusana, aghalabu pamepakwa fedha. Nasi sote tunajua tabia ya fedha: kalisi iliyofungiwa kabatini kwa muda mrefu huingia weusi, kwa sababu ya salfa iliyomo hewani. Swichi inayotumika mara kwa mara hujisugua na kujisafisha yenyewe. Iliyokaa miaka bila kuguswa hujifunika utando mwembamba, na ule umeme hafifu hushindwa kupenya. Ndiyo maana spika ya kushoto ya deki yetu ilikuwa bubu, na ya kulia ilikuwa ikikwaruza kama mtu mwenye kikohozi.

Ugonjwa wa pili ulikuwa katika swichi ndogo za vibati, zile zinazotambua kwamba kaseti imeingia na kuruhusu mota izunguke. Taa iliwaka, kitufe kilishuka, mkanda haukutembea. Mtu asiyejua angesema mota imeungua, kumbe ni vibati viwili vilivyogusana bila kuelewana.

Dawa ilikuwa ya bei ndogo. Mzee alichomoa deki kwenye umeme na kuiacha kwa muda, maana kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Alitutaka tupige picha ya kila waya kabla ya kuugusa. Kwenye swichi ndefu alidondosha matone machache ya dawa maalumu ya kusafishia swichi za umeme, akaitelezesha huku na huku mara thelathini hivi, akaiacha ikauke. Kwa vibati alichana kipande cha karatasi ngumu, akakilowesha spiriti safi, akakibana katikati na kukivuta taratibu. Karatasi ikatoka na mstari mweusi. Tulipompa msasa ili kazi iende haraka, alikataa. Msasa hukwangua ule mpako wa fedha, na chuma cha chini huharibika upesi zaidi. Alikataa pia mafuta ya kupikia na ya bawaba, kwa kuwa hunasa vumbi, na baada ya miezi michache ugonjwa hurudi ukiwa mbaya kuliko mwanzo.

Sasa tunafika kwenye kosa letu. Jioni ile deki iliimba katika spika zote mbili. Mzee alijaribu pia kurekodi, kwa kaseti isiyo na thamani, kisha akaaga akisema kwamba swichi ndefu bado ni nzito kurudi, na kwamba tungoje kesho aisafishe mara ya pili. Hatukungoja. Tulichukua kaseti ya kwaya ya kigango, tukaiweka, tukabonyeza kitufe cha kusikiliza. Palikuwa kimya. Tulidhani ni utepe mtupu wa mwanzo, tukasubiri karibu dakika nzima. Swichi ilikuwa imekwama upande wa kurekodi, na mashine ilikuwa ikifuta. Vile vijino vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti vilikuwa vimevunjwa zamani ili kuilinda, lakini vijino huzuia kitufe tu. Swichi iliyokwama ndani havina mamlaka juu yake. Ubeti wa kwanza wa wimbo ule haupo tena, wala hapana nakala yake. Tumewaomba radhi wanakwaya waliobaki, na hapa tunaomba radhi tena, hadharani.

Mtatuuliza: je, tukio hilo halithibitishi kwamba ingekuwa heri kutupa? Sisi twaona kinyume. Kilichopoteza ubeti ule ni haraka yetu, na haraka hiyohiyo ndiyo inayotaka kupeleka sanduku zima jalalani. Aliyesema “imekufa” na sisi tuliobonyeza kitufe kabla ya wakati tulitenda dhambi moja: tulitoa hukumu kabla ya kuchunguza. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alikemea utamaduni wa kutupa, akionesha kwamba unawagusa watu waliotengwa sawasawa na vitu vinavyogeuzwa takataka upesi. Hatudai kwamba deki ni sawa na mtu. Twasema tu kwamba mkono uliozoea kutupa hauchagui, na kwamba parokia isiyo na subira ya kusafisha swichi itakosa pia subira ya kumtembelea mzee aliyeacha kuja kanisani, ambaye huenda naye hakufa kiimani, amekaa tu.

Wala hatusemi kila kitu kitunzwe. Kichwa kilicholika hakisafishwi, na mashine iliyoungua iondoke kwa amani. Deki yenyewe si shabaha yetu. Shabaha ni sauti, nazo zikishahamishiwa kwenye kompyuta na kugawanywa katika nakala kadhaa, deki itakuwa imemaliza utume wake. Lakini bila deki nzima, sauti hizo hazina mlango wa kutokea.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Halmashauri iondoe deki na kaseti katika orodha ya vitu vya kutupwa, hadi kaseti zote 37 zitakapohamishwa. Wenye kaseti za zamani nyumbani wasizijaribu katika mashine iliyolala miaka mingi. Watangulize kaseti wasiyoihitaji, wasikilize hadi mwisho, na kuhakikisha haikufutwa, ndipo waweke ile ya thamani. Na vijana wawili au watatu wajitokeze wakae na mzee wetu fundi, kwa maana ujuzi wake hauna nakala, kama ubeti ule usivyokuwa nayo.

Jumamosi iliyopita, baada ya swichi kusafishwa mara ya pili na kujaribiwa ipasavyo, mjane wa katekista alikuja ofisini. Tuliweka kaseti. Sauti ya marehemu ilitoka, safi katika spika zote mbili, ikiwauliza watoto swali la kwanza la katekisimu, na watoto wakijibu kwa pamoja. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, “Baba, huyo mtoto anayechelewa kujibu ni mwanangu.”



Paroko wenu