Shauri la Mwezi: Mtihani na Habari za Nyumbani



Mwezi uliopita nilipokea barua ya binti mmoja wa usharika wetu, aliye katika chuo cha ualimu. Sitamtaja jina, nanyi msimtafute. Baada ya salamu alieleza kwamba baba yake amelazwa hospitali, mama hana msaidizi ila watoto wadogo, na ndugu za baba wameanza kunena habari ya shamba kana kwamba mgonjwa amekwisha kufa. Habari hizo humfikia kwa simu, na mara nyingi ni usiku. Mtihani wa mwisho umebakiza majuma sita. “Mwalimu,” asema, “nakaa na kitabu tangu magharibi hata usiku wa manane, nami nikikifunga sikumbuki hata neno. Je, niache chuo nirudi nyumbani?”

Kwanza napenda ajue kwamba huo si uvivu, wala si upungufu wa akili. Mtu hakupewa akili mbili, moja ya kusomea na moja ya kuhangaikia. Ni ile ile. Mwanamke mwenye mtungi kichwani na mtoto mgongoni hawezi kuinama aokote na kuni, hata awe hodari namna gani. Kwa hiyo wale wamwambiao, “Ondoa mawazo, soma tu,” hawamfai kitu. Mimi mwenyewe nimepata kuwaambia vijana maneno hayo, nami najuta. Ni kama kumwamuru mwenye homa asitetemeke.

Mzigo usipoweza kutupwa, huenda ukatuliwa chini kwa kitambo. Mnakumbuka habari ya Mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 19. Mfalme wa Ashuru alimpelekea barua ya vitisho. Hezekia hakujifanya kana kwamba hakuipokea. Aliisoma yote, akaichukua mpaka nyumba ya Mungu, akaitandaza pale, ndipo akaomba. Hakuiweka chini ya mto akalala juu yake.

Basi binti yetu na atafute daftari dogo, achague wakati mmoja wa kila siku, kama baada ya chakula cha jioni, nusu saa tu. Aandike yote yanayomsumbua, hata yale ya kuona haya, maana hakuna atakayeyasoma. Kisha atazame: lipi naweza kulifanya leo? Akiona moja, kama kumpelekea mama neno au kumwomba mjomba aende hospitali, alifanye papo hapo. Yasiyo mkononi mwake ayaombee, afunge daftari. Wazo likimjia tena katikati ya masomo, alijibu kwamba saa yake ni kesho jioni. Siku za kwanza halitasikia. Asikate tamaa.

Wataalamu nao wameona jambo lililo karibu na hili. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba wanafunzi wenye hofu nyingi, walipopewa dakika 10 kuandika hofu zao kabla tu ya mtihani, walifanya vema kuliko wenzao wenye hofu ambao hawakuandika. Hofu ile ilikuwa ya mtihani wenyewe, si ya baba mgonjwa, wala sisemi kwamba kalamu huponya mtu. Lakini neno lililokwisha kuwekwa karatasini halihitaji tena kushikwa kichwani usiku kucha.

Habari ya kusoma kwenyewe nitaifupisha. Kukitazama kitabu hata usiku wa manane si kusoma. Asome ukurasa mmoja, akifunge, ajieleze mwenyewe bila kutazama. Kisha alale. Eliya alipochoka hata kutaka kufa, alipewa mkate na maji, akaachwa alale tena, na safari ya Horebu ikafuata baadaye.

Lile la kurudi nyumbani sikulijibu upesi. Nilimwambia aende kwanza kwa mkuu wa chuo, au kwa matroni kama ni rahisi zaidi, aseme yote pasipo kupunguza. Vyuo vingi vina utaratibu wa ruhusa, hata wa kuahirisha mtihani kwa aliyepatwa na ugonjwa au msiba, lakini sharti aombe mapema. Ikiwa waganga wasema hali ya baba ni ya hatari, na aende akamwone. Mtihani waweza kungoja mwaka mwingine. Lakini kwa ajili ya shamba asiondoke hata siku moja. Neno la shamba lina wazee wake, na baadhi yao wanasoma gazeti hili.

Sasa nasema nanyi mlio nyumbani. Mwaka 2003 nilikuwa chuoni, na simu ilikuwa haijafika kijijini kwetu. Barua zilikuja zikisema, “Sisi hatujambo, soma kwa bidii.” Nilisoma kwa bidii. Mtihani ulipokwisha nikarudi kwa furaha, na shangazi akaja kunipokea njiani, akanishika mkono, asinipeleke nyumbani bali kaburini. Mama alikuwa amezikwa majuma matatu. Wazee walinificha kwa upendo, nami sikuwalaumu, na mtihani nilishinda. Ila kwa miaka mingi sikuweza kusoma “hatujambo” katika barua yo yote pasipo moyo kushtuka.

Kwa hiyo msiwafiche watoto wenu jambo kubwa. Wala msiwapigie simu usiku kuwaeleza kila neno alilolisema baba mdogo. Chagueni mtu mmoja mwenye ulimi wa kweli, awe ndiye wa kutoa habari, kwa siku na saa inayojulikana, ili mtoto ajue kwamba siku nyingine zikiwa kimya, kimya hicho si cha kumficha.

Kwa binti yetu, mjomba wake amekubali kuifanya kazi hiyo. Atampigia kila Jumamosi saa kumi ya alasiri, akitoka kumtazama mgonjwa. Mama naye ameahidi kwamba jambo la hatari likitokea hatangoja Jumamosi. Juzi baba aliweza kuketi akanywa uji.