Ukuzaji wa Maumbo Usiishie Daftarini

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii nilikuwa nikiitia tu kwenye insha ili nipate alama. Mwaka huu imenigeukia mimi mwenyewe.

Ukuzaji wa maumbo tulifundishwa kidato cha pili. Nilikariri kwamba kila urefu ukizidishwa kwa 2, eneo huzidishwa kwa 2 × 2, yaani 4, na ujazo kwa 2 × 2 × 2, yaani 8. Mtihani ulipokuja nikalipata swali lote, nikatamba darasani.

Basi, likizo ya Aprili mama alitaka kubadilisha tangi letu la maji. Lilikuwa la bati, mita 1 kila upande, nalo liliingia lita 1,000. Yeye alitaka la lita 2,000, maana mfereji wetu hutoa maji siku mbili tu kwa wiki. Akaniuliza, "Mwanangu, si wewe ndiye unasoma hesabu? Nimwambie fundi vipimo gani?" Nikajibu bila kufikiri, "Mwambie aongeze kila upande mara mbili."

Fundi alipoleta hesabu ya mabati, mama alishika kichwa. Tangi la kwanza, pamoja na kifuniko, lilikula mita 6 za mraba. Hili lingekula 24! Mama akadhani anaibiwa. Fundi akacheka. "Mama, hili mnalotaka ni la lita 8,000. Hata hizo mbao zenu hazitalibeba." Kweli kabisa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo hizo ni tani 8, juu ya mbao ambazo ndugu yangu mdogo hucheza chini yake kila jioni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Usiku ule nilikusanya viberiti vitupu. Ili nipate kiberiti kikubwa cha umbo lile lile, mara mbili kwa urefu, upana na kimo, nilihitaji vinane. Kumbe ile 8 ya daftarini ndiyo hii! Nikapiga hesabu upya: tangi la lita 2,000 lenye umbo lile lile lahitaji kama mita 1.26 tu kila upande. Fundi naye alikuwa na njia rahisi zaidi: kitako kibaki vile vile, kimo kiwe mita 2. Huo si ukuzaji, kwa sababu umbo limebadilika, lakini maji ni yale yale. Mbao tukaziondoa, akatujengea msingi wa mawe.

Sasa maoni yangu ni haya. Shida yetu si kwamba hesabu ni ngumu. Shida ni kwamba tunakariri kanuni kwa Kiingereza, tunaimwaga kwenye karatasi ya mtihani, kisha tunaisahau. Sisemi hesabu zisifundishwe kwa Kiingereza, la hasha! Nasema tuzieleze pia kwa lugha tunayozungumza nyumbani. Sisi wanafunzi wa kutwa tuna bahati, kwani kila jioni twarudi kwa wazazi. Ukishindwa kumweleza mama yako somo la leo, jua hujalielewa, hata kama daftari lako limejaa alama za vema.

Nao walimu wetu wapendwa, twawaomba kwa heshima mlango huu uanze na viberiti, kanuni ifuate. Najua wapo watakaosema silabasi ni ndefu na wakati hautoshi. Lakini kupanga viberiti vinane hakumalizi hata dakika tano. Mimi nilipata alama zote za swali lile, na bado nusura nimponze ndugu yangu.

Tafakari hayo, ndugu msomaji. Na leo jioni ukifika nyumbani, uliza viberiti vitupu viko wapi.