Bunduki na Siri ya Nyumbani

Mkazi wa Butiama atakaye kumiliki bunduki huanzia kwa viongozi wa kijiji chake, kisha maombi hupanda hadi kamati ya ulinzi na usalama na polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humtaka awe na akili timamu, asiwe mtu wa ukatili wala mtumwa wa kilevi. Ni masharti mema. Lakini jalada la polisi huonyesha hukumu. Halionyeshi usiku ule ndugu walipomwokoa asijiue, wakanyamaza. Walinyamaza kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu huhesabu jaribio la kujiua kuwa jinai. Sheria moja yauliza afya ya akili, nyingine yamtisha anayeijua. Ng'ambo ya Sirari, Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangua kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Tanzania nayo yafaa ikiondoe chake. Wakati huohuo, muuguzi wa Bunda au Musoma anayemhudumia mgonjwa wa sonona amuulize kwa upole, faraghani: nyumbani kuna bunduki? Kibali chaweza kuwa kilitolewa miaka mingi kabla ya ugonjwa.