Kabla ya kumfukuza mtoto mtukutu, mpimeni masikio

Mjini Garissa, mtoto akianza kuwasumbua wenzake darasani, mambo hufuata njia iliyozoeleka. Kwanza mwalimu humkaripia. Kisha hupewa barua ampelekee mzazi. Mzazi, ambaye aghalabu ni mama mwenye biashara ndogo sokoni, hufika shuleni akiwa amekwisha kukasirika, husomewa mashtaka ya mwanawe mbele ya walimu, na jioni mtoto huadhibiwa nyumbani. Mwezi ukipita bila mabadiliko, mtoto huambiwa akae nyumbani wiki mbili. Wiki mbili hizo huwa mwezi, na mwezi huwa mwaka. Utakutana naye barabarani akiendesha mkokoteni wa punda, akiuza maji.

Sisi madaktari humwona mtoto huyo akiwa amechelewa, au hatumwoni kabisa, kwa kuwa hakuna anayefikiri kwamba utukutu ni jambo la kupelekwa zahanati. Ndiyo maana nalileta suala hili katika ukurasa wa afya.

Mama mmoja wa mtaa wa Iftin alikuja kliniki na mtoto mchanga mwenye homa. Kando yake alikuwa kaka wa mtoto huyo, mvulana wa miaka tisa. Nilipouliza kwa nini hayuko shule, mama alijibu, "Daktari, huyu shule wamemkataa. Hasikii." Kwa Kiswahili chetu neno hilo lina maana mbili, na mama alikusudia ile ya ukaidi. Nilipomtazama masikioni nilikuta usaha pande zote mbili na viwambo vya masikio vimetoboka. Usaha huo ulikuwa ukitoka na kukauka tangu alipokuwa akijifunza kutembea. Watu walimwambia mama kwamba ni mambo ya utotoni, yataisha.

Sasa mtieni mtoto kama huyo katika darasa lililojaa. Mwalimu akimtazama usoni, hushika nusu ya maneno kwa kuangalia midomo. Mwalimu akigeukia ubao, hasikii chochote cha maana. Humgusa jirani ili aulize, jirani humsukuma, naye hujibu kwa ngumi. Anayeonekana na mwalimu ni yule wa ngumi.

Wazazi na wausike kwamba sikio linalotoa usaha kwa wiki mbili au zaidi ni ugonjwa wa kudumu, si la kusubiri. Matibabu yake hayana makuu: kulikausha sikio kwa kitambaa safi au pamba iliyosokotwa mara kadhaa kwa siku, dawa ya matone itakayoandikwa na mganga, na kuzuia maji yasiingie mtoto anapooga. Mafuta moto na maziwa ya mama havifai kutiwa sikioni hata kidogo. Baada ya hapo mtoto apimwe kiwango cha kusikia, kwa maana usaha unaweza kwisha na uziwi ukabaki. Akibaki na uziwi kiasi, akae dawati la mbele, na mwalimu aseme naye akiwa amemwelekea.

Sikio si sababu pekee. Kuna kifafa ambacho hakimwangushi mtoto chini. Huduwaa tu kwa sekunde chache, macho wazi, kisha huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu humwita mvivu anayeota mchana. Na wapo watoto ambao kifafa chao kinajulikana, nao hunywa fenobabitoni kila siku. Dawa hiyo ni rahisi na imesaidia wengi, ila baadhi ya watoto huwafanya wasitulie, wawe wepesi wa hasira. Shule ikiona utukutu, na hospitali ikiona kwamba mtoto haanguki tena, kila upande huridhika na jibu lake. Hakuna aliyeweka mambo hayo mawili pamoja. (Wazazi wasimkatize mtoto dawa kwa kusoma haya. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta kifafa kibaya zaidi. Mrudisheni kliniki.)

Usingizi nao hatuutilii maanani. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Wengi wa watoto wetu huamka alfajiri kwenda duksi, huingia shule, hurudi duksi alasiri, na usiku joto la Garissa haliwaachi kulala mapema. Sisemi duksi iachwe; sijui mzazi hapa atakayenisikiliza nikisema hivyo, wala mimi mwenyewe sitaki. Nasema maalim wa duksi na mwalimu wa shule hawajawahi kukaa pamoja wakahesabu saa za mtoto mmoja.

Njaa, macho mabovu na upungufu wa damu navyo vimo, na wasomaji wanavifahamu.

Kuna pia hofu. Garissa ni mji ambamo watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu walimu waliotaka kuondoka. Lakini tazameni athari kwa mtoto: katika mwaka mmoja amefundishwa na walimu watatu au wanne, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema, "Huyu hakuwa hivi mwaka jana." Mtoto aliyeanza kukojoa kitandani, kushtuka kwa kelele ndogo na kupigana bila sababu huenda ana jeraha lisiloonekana. Kumgundua kunahitaji mtu aliyemjua kabla.

Na hapo ndipo penye hoja yangu. Habari za mtoto huyu zipo. Mama anajua usiku wake. Maalim anajua kwamba husahau ghafla aya aliyoihifadhi jana. Mwalimu anajua ngumi zake. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba anajua kwamba baba ameondoka na mifugo tangu ukame. Chifu anajua ugomvi wa ukoo unaoikabili familia hiyo. Afisa wa watoto anazijua sheria. Mimi najua masikio. Kila mmoja ana kipande, na kila mmoja ana bwana wake. Tangu 2013 hospitali ziko chini ya kaunti; mwalimu ni wa TSC; afisa wa watoto na chifu ni wa serikali kuu, kila mmoja na wizara yake; duksi ni ya jamii. Barua hutoka ofisi moja kwenda nyingine kwa mkono wa mama, naye hufika ya tatu akachoka.

Si jambo geni kuwakusanya watu hawa. Mwaka 1984 Kenya ilianzisha, kwa msaada wa Denmark, vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vinavyojulikana kwa herufi EARC, na wazo lilikuwa hilo hilo: mwalimu, mtu wa afya na mtu wa ustawi wa jamii wamtazame mtoto mmoja kwa pamoja. Uingereza nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliunda vikundi vya walimu, wauguzi, wanasaikolojia na maafisa wa ustawi vilivyokwenda shuleni na majumbani kwa watoto waliokuwa karibu kufukuzwa. Sheria yetu ya Watoto ya 2022 inazo kamati za ushauri za watoto. Kwa karatasi hatupungukiwi. Tatizo ni kwamba kamati zetu hupenda kukutana hotelini kujadili "watoto" kwa ujumla, kwa chai na posho, badala ya kukaa darasani kumjadili mtoto mmoja mwenye jina.

Pendekezo langu ni dogo. Kila shule ya msingi mjini iwe na kikao cha nusu siku kila baada ya wiki mbili. Wakae mwalimu wa ushauri nasaha, afisa wa kliniki au muuguzi wa zahanati ya karibu, mhudumu wa afya ya jamii, afisa wa watoto, na maalim wa duksi anayomsomesha mtoto. Wajadili watoto watatu au wanne tu. Mzazi awemo tangu dakika ya kwanza, akae mezani kama wengine, azungumze lugha yake, na awe wa kwanza kusema. Kila mtoto awe na mtu mmoja anayeshika faili lake na kujibu maswali ya mama. Na shule isimwondoe mtoto kabla masikio, macho na usingizi wake havijaangaliwa.

Naam, kuna watakaosema: mbona polisi hayumo? Hayumo kwa makusudi. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa hapa mjini, vikosi vya usalama viliteketeza Bulla Kartasi na kuwazuilia wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa bila chakula wala maji. Wazee waliokuwemo bado tunao, na wengine wao ndio mababu na nyanya wa watoto ninaowazungumzia. Mwambie nyanya kama huyo kwamba serikali inakusanya majina ya watoto watukutu shuleni, kisha utazame kama mjukuu wake ataletwa. Polisi aitwe pale mtoto anapopigwa, kunajisiwa au kuandaliwa ukeketaji, kwa sababu hapo sheria imevunjwa. Mtoto anayerusha mawe mapumzikoni si kesi ya usalama.

Kwa sababu hiyo hiyo siri ni lazima. Garissa ni mji ambamo jina la baba latosha kukueleza ukoo wote. Faili likivuja, msichana hataposwa na mvulana ataitwa mwendawazimu hadi uzeeni. Chifu, kwa maoni yangu, aitwe tu familia inapomtaka. Najua baadhi ya machifu wataudhika.

Wengine watasema tukirudisha kiboko yote haya hayatahitajika. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia marufuku hiyo, ingawa sote tunajua bado kinatumika. Tuache sheria kando, tuongee udaktari: mvulana yule wa usaha alichapwa kwa miaka miwili na masikio yake hayakupona.

Gharama? Watu niliowataja wote wanalipwa tayari, isipokuwa maalim, ambaye apewe walau nauli. Kinachotakiwa ni barua moja kutoka kwa mkurugenzi wa elimu na mwenzake wa afya kuwaruhusu watumishi wao kutoka ofisini nusu siku. Siku hiyo isiwe Ijumaa, na saa isiwe ile ambayo akina mama wako sokoni. Mambo madogo kama hayo ndiyo huua mipango yetu.

Kwa mzazi ambaye tayari ana barua ya shule mkononi: kabla ya kwenda kujibu mashtaka, pitia zahanati. Omba mtoto atazamwe masikio na macho, eleza anavyolala, taja dawa anazokunywa, na useme kama huduwaa. Omba majibu yaandikwe, kisha uyapeleke shuleni pamoja na barua yao. Iwapo mtoto anadhulumiwa na unaogopa kusema ana kwa ana, namba ya simu ya watoto ni 116, nayo haina malipo.