VITABU VYETU TUSIVYOVISOMA

Enyi wanachama na makarani wenzetu, twaleta mbele yenu jambo ambalo twaona halifai kunyamaziwa. Vitabu vya wataalamu juu ya historia yetu vyazidi kutoka mwaka hata mwaka; lakini wengi wetu hatuwezi kuvisoma, kwa kuwa havikuandikwa kwa lugha yetu.

Tazameni mifano mitatu. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenziwe walianzisha mjini Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali. Habari za chama hicho zimo katika kitabu kikubwa cha Bwana John Iliffe juu ya historia ya Tanganyika, kilichotoka mwaka 1979, kwa Kiingereza. Mwaka 2007 Bwana Andreas Eckert alitoa kitabu kizima juu ya watumishi Waafrika wa Serikali katika nchi hii tangu 1920 hata 1970. Kitabu hicho ni cha Kijerumani. Mwaka 2015 Bibi Emma Hunter alitoa kitabu juu ya fikira za siasa nchini Tanzania, naye alichota sana katika magazeti ya Kiswahili, kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Basi waliyoyaandika babu zetu kwa Kiswahili, wajukuu huyapata kwa Kiingereza.

Hatuwalaumu waandishi hao. Wamefanya kazi ya subira, wakafunua majalada ambayo mchwa walikwisha kuyaanza. Lawama yetu ni juu ya desturi ya kudhani kwamba kazi imekwisha kitabu kikishafika madukani Ulaya. Mtu anayesimuliwa ana haki ya kuisoma habari yake, kuipima, na kuisahihisha ilipokosewa. Karani wa Tabora asiyejua Kijerumani ataisahihishaje?

Wako watakaosema kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba elimu hiyo. Twawajibu: Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekaa Bagamoyo, alieleza desturi za Waswahili kwa Kiswahili, na Carl Velten akazipiga chapa mwaka 1903. Wataalamu wangali wakizitegemea hata leo, na tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1981. Siku hizo elimu ilitoka katika Kiswahili ikaenda kwa wengine; kwa nini leo isirudi?

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Kwanza, kila msomi apewaye ruhusa ya kufungua majalada ya nchi hii alete nakala ya kitabu chake katika maktaba zetu, pamoja na muhtasari wa Kiswahili ulio kamili. Pili, wanachama wanaojua lugha za kigeni wagawane sura za vitabu hivyo, wazifasiri moja moja, zisomwe katika mikutano ya matawi.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari yetu ipo, tena imeandikwa vizuri. Lakini daftari isiyosomeka na mwenye mali yamfaa nini?