Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Wengi wetu tunaobahatika kwenda Ulaya hupenda kujisifia idadi. Utamsikia mtu akitamba kwamba amemaliza nchi saba kwa siku kumi, kana kwamba nchi ni maswali ya mtihani. Mimi niliyesahihisha mitihani kwa miaka mingi nasema wazi: huyo hakusafiri, alisafirishwa. Wahenga walituusia, "Tembea uone." Neno la kwanza tumelishika, la pili tumelisahau uwanja wa ndege.

Hoja yangu ni moja. Mwenye siku kumi azimalize zote katika mji mmoja. Mwenye mwezi, vivyo hivyo. Mfano wangu ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno, nilikokaa majuma manne katika chumba chenye jiko, kwenye kilima cha Graça.

Makundi ya watalii hupelekwa Belém. Huteremka katika basi, huingia kanisa la monasteri ya Jerónimos, hupiga picha kaburi la Vasco da Gama, kisha hupakiwa tena. Kwa mtu wa kwetu hili ni jambo la kusikitisha. Da Gama huyo ndiye aliyemlazimisha mtawala wa Kilwa, mwaka 1502, kulipa kodi ya utii kwa dhahabu. Dhahabu hiyo haikupotea. Imo mjini humo humo, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, kilomita chache kutoka kaburini. Ni chombo cha ibada kilichofuliwa kwa amri ya Mfalme Manuel, chenye maandishi yanayoitaja Kilwa na mwaka 1506. Mwenye haraka humwamkia mnyang'anyi, akaipita mali iliyonyang'anywa.

Tena kuna lugha. Sikio la mgeni halifunguki kwa siku moja. Baada ya siku kadhaa za kununua mkate na kusoma vibao, nilianza kusikia jamaa zetu wa zamani: "mesa" ni meza, "bandeira" ni bendera, "lenço" ni leso. "Igreja" kwao ni kanisa. Kwetu neno hilo limetupa gereza! Je, mwalimu wa Kiswahili atapata wapi somo tamu kuliko hilo?

Lakini kubwa zaidi ni watu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii wa haraka huondoka siku ya pili, kwa hiyo hapewi jembe kamwe, wala haujui mji kwa kazi zake: kupanda ngazi na viazi, kupanga foleni, kuamkia majirani. Jirani yangu mmoja, mzee wa rika langu, kwa majuma mawili tulisalimiana tu. Juma la tatu alinikuta nikihema katikati ya ngazi, akanipokea mfuko. Nilipomwambia natoka kusini mwa Tanzania, alinyamaza kitambo. Kisha, kwa Kiingereza cha kuokoteza, akaniambia kwamba katika ujana wake alipelekwa kupigana Mueda, Msumbiji, katika vita vilivyoanza mwaka 1964. Miaka hiyo hiyo mimi, mwalimu kijana, nilikuwa nikipokea darasani watoto wa wakimbizi waliovuka Ruvuma. Tulikaa pale kwenye ngazi, wazee wawili, hadi jua likatua. Mazungumzo ya namna hiyo hayauzwi kwa tiketi.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Watasema ni gharama. Hasha! Kinachomaliza fedha ni kuhamahama: nauli juu ya nauli, hoteli juu ya hoteli. Mwenye jiko hujipikia, na aliyekulia ng'onda hatamshangaa samaki mkavu wa Wareno. Wengine watasema, "Nitaikosa Paris, nitaikosa Roma." Ndiyo, utaikosa. Lakini aliyepita Paris kwa saa nne naye ameikosa. Tofauti ni kwamba yeye hajui.

Walimu wenzangu, na ninyi wazazi mnaowasafirisha vijana, acheni kuwapigia makofi wahesabu mipaka. Mtu akirudi kutoka Ulaya, msimwulize amefika nchi ngapi. Mwulizeni alikuwa akinunua mkate wapi, na jirani yake alikuwa nani.