Mkanda Usioonekana

Jumapili hii naomba tuyaweke kando mapishi na malezi, tuzungumzie mkanda mmoja wa mpira uliofichwa ndani ya injini ya gari. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya gereji, wala hayahusiani na ukurasa wa familia. Lakini katika miji yetu basi dogo la Hiace aghalabu si mali ya mtu mmoja. Limenunuliwa kwa kiinua mgongo cha baba, kwa fedha za upatu za mama, na kwa mchango wa shemeji aliyeahidiwa kurudishiwa. Likifa, nyumba nzima hulala na wasiwasi.

Jirani yangu mmoja hapa Temeke, mzee aliyestaafu kiwandani, alinunua gari la namna hiyo mwaka 2012, likiwa limetoka Japani na injini ya dizeli aina ya 3L. Hakulitia katika kazi ya daladala. Alilikodisha kwa harusi, kwa kwaya, kwa misiba na kwa safari za shule, na siku nyingine lilikaa chini ya mwarobaini likioshwa na wajukuu. Lilitunzwa vizuri kuliko magari mengi niyajuayo. Mwezi Agosti 2023 alipata habari kwamba dada yake mkubwa amefariki Korogwe. Waliondoka alfajiri, watu 14, na maziko yalikuwa yasubiri hadi saa kumi jioni. Walipita Chalinze, wakavuka Wami, wakapita Mkata. Kabla ya kufika Segera kilisikika kishindo kidogo, kama mtu aliyevunja ukuni kwa goti, kisha injini ikanyamaza kimya. Dereva akajaribu kuiwasha, ikakataa. Wanaume wakateremka wakalisukuma huku limetiwa gia, likakataa tena. Mzee alipata usafiri mwingine kwa taabu, na alipofika Korogwe aliwakuta watu wanarudi kutoka makaburini.

Nilikwenda kumpa pole. Tulipomaliza ya msiba, tukaingia katika ya gari. Nilimwuliza kama mkanda wa injini uliwahi kubadilishwa, akanijibu kwa uchungu, "Mkanda? Mkanda nimebadilisha juzi tu, mwanangu, na risiti ninayo."

Risiti ilikuwapo kweli. Ilikuwa ya mkanda wa feni.

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Mkanda wa feni uko nje ya injini, unaonekana kwa macho, na ukilegea hupiga mluzi asubuhi gari linapowashwa. Ukikatika, taa ya betri huwaka na maji huweza kuchemka, lakini dereva mwangalifu akisimama mapema injini hupona. Mkanda ninaouzungumzia, ambao mafundi wetu huuita mkanda wa taimingi, umefunikwa kwa kifuniko mbele ya injini. Haupigi mluzi. Wala hauna kawaida ya kutoa taarifa kabla ya kukatika.

Kazi yake ni hii. Chini ya injini kuna kranki shafti, inayozungushwa na pistoni. Juu kuna kemu shafti, inayofungua na kufunga valvu ili hewa iingie na moshi utoke. Hizi mbili hazina budi kwenda sambamba: kranki ikizunguka mara mbili, kemu izunguke mara moja, bila kuzidi wala kupungua. Mkanda wenye meno ndio unaozifunga pamoja, na katika injini hiyo ya 3L ndio pia unaozungusha pampu ya dizeli. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 25 katika sekunde moja. Katika dizeli, pistoni ikifika juu nafasi inayobaki ni ndogo mno, kwa kuwa hewa lazima ibanwe sana hata dizeli iwake yenyewe. Mkanda ukikatika, kemu husimama, na valvu zilizokuwa wazi hubaki zimening'inia, huku pistoni zikiendelea kupanda. Zinagongana, na valvu hupinda. Na kila mara tunapojaribu kuliwasha au kulisukuma gari lililozimika hivyo, tunazigonga tena.

Wazee waliowahi kuwa na Kombi za Volkswagen za zamani, zile za injini ya nyuma inayopozwa kwa upepo, watasema kwamba hawakuujua ugonjwa huu. Wanasema kweli, kwa sababu zile zilitumia gia mahali pa mkanda. Mkanda wa mpira ulianza kuuzwa katika magari ya kawaida mwaka 1962, na kiwanda cha Glas cha Ujerumani, na kufikia miaka ya 1970 viwanda vingi vilikuwa vimeufuata. Ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji oili, na ni rahisi kuliko cheni. Ila mpira ni mpira. Huzeeka.

Na hilo la kuzeeka ndilo lililomponza jirani yangu. Yeye si mzembe. Katika magari mengi ya dizeli ya Toyota kuna taa kwenye dashibodi yenye maandishi T-BELT, na katika injini za aina yake taa hiyo huwaka gari linapotimiza kilomita 100,000. Gari lake lilipofika nchini mita ilikuwa imesoma kilomita 118,000, na muuzaji alimhakikishia kwamba mkanda ulibadilishwa Japani kwenye 100,000. Siku ya ajali ile mita ilisoma 171,000. Mzee alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa: mkanda umetembea kilomita 71,000, basi bado 29,000.

Nilipokwenda gereji pamoja naye, fundi aliinua viti vya mbele, maana injini ya Hiace hizo iko chini ya viti, akatuonyesha kibandiko kidogo kilichofifia chenye maandishi ya Kijapani. Kilikuwa na namba ya kilomita, na kando yake tarehe iliyoanza na H21. Wajapani hupenda kuandika miaka kwa kuhesabu tangu kutawazwa kwa mfalme wao. H ni Heisei, na ili kupata mwaka wetu unajumlisha 1988. H21 basi ni mwaka 2009. Muuzaji hakudanganya. Mkanda ulikuwa umebadilishwa kweli, lakini ulikuwa na umri wa miaka 14. (Ukiona R, hiyo ni Reiwa, jumlisha 2018.)

Taa ya T-BELT huhesabu kilomita peke yake. Haijui miaka, haijui joto la Dar es Salaam, haijui kama sili ya kranki inavuja oili na kuloweka mkanda. Wala haijui foleni. Gari likisimama saa nzima pale Ubungo huku injini inaunguruma, mkanda unazunguka saa nzima na mita ya kilomita haisogei hata hatua moja. Tena taa yenyewe huweza kuzimwa na fundi bila mkanda kuguswa, na mita za baadhi ya magari yaliyotumika hurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu. Kwa hiyo anayenunua gari lisilo na kibandiko wala karatasi, ushauri wangu ni kwamba ahesabu gharama ya mkanda kuwa sehemu ya bei ya gari, na aubadilishe kabla ya safari ya kwanza ndefu.

Jambo hili wenzetu wa Ulaya wamelijua kwa njia yao. Uingereza na Ujerumani kuna familia zinazogeuza magari ya namna hii, Volkswagen Transporter au Fiat Ducato, kuwa nyumba za magurudumu: vitanda, jiko, na sinki ndani yake. Husafiri nazo majuma machache wakati wa kiangazi, kisha huziegesha majira yote ya baridi. Gari la miaka 10 huweza kuwa na kilomita chache kabisa, na mkanda wake ukawa umechoka. Ndiyo sababu viwanda vingi hutoa hesabu mbili, kilomita na miaka, na sharti ni kufuata ile itakayotangulia. Huko mtu akiuza nyumba yake ya magurudumu, risiti ya mkanda mpya ni jambo la kujivunia mbele ya mnunuzi. Gari la harusi na misiba hapa kwetu lina tabia ileile ya gari la matembezi la kule: hulala sana, hutembea kidogo, na huonekana jipya.

Sasa tuje kwenye fedha. Mke wa mzee huyu ndiye mweka hazina wa gari, na daftari lake ni la kuaminika kuliko benki nyingine. Alinionyesha ukurasa wa mwaka 2021. Fundi alikuwa amewapa hesabu: mkanda shilingi 60,000, tenshena 70,000, sili mbili 30,000, ufundi 80,000, jumla 240,000. Pembeni mama ameandika kwa kalamu nyekundu, "Baba anasema bado." Ilikuwa Januari, mwezi wa ada, nami simlaumu aliyesema bado.

Ukurasa wa Septemba 2023 ulikuwa hivi: silinda hedi iliyotumika 900,000, valvu 8 na gaidi zake 240,000, gasketi na sili 160,000, kulivuta gari hadi Dar es Salaam 500,000, ufundi 380,000. Ongeza mkanda na tenshena, ambavyo havikuepukika, 130,000. Jumla 2,310,000. Bei za madukani hubadilika, na msomaji asizichukue hizi kama amri. Atazame uwiano wake. Ni karibu mara 10. Na humo hamna majuma 7 ambayo gari halikukodishwa, wala harusi mbili ambazo malipo ya awali ilibidi yarudishwe.

Zile 240,000 zikigawanywa kwa miezi 60 ni shilingi 4,000 kwa mwezi. Mama alipiga hesabu hiyo mbele yetu, polepole, na mzee akatazama nje.

Tazameni pia kwamba katika hesabu ya kwanza mkanda wenyewe ni robo tu ya gharama. Fedha nyingine ni za vile vilivyo kando yake na za kufungua na kufunga. Kwa hiyo anayebadilisha mkanda akaacha tenshena ya zamani ili kuokoa 70,000 anajidanganya, kwani beringi ya tenshena ikikwama itaukata mkanda mpya sawa na wa zamani. Sili zinazovuja zibadilishwe siku hiyohiyo. Na katika injini ambazo pampu ya maji huzungushwa na mkanda huu, kama ile 3S ya petroli iliyomo katika Noah za kwanza, pampu nayo itazamwe wakati kifuniko kiko wazi, maana ikivuja mwaka ujao ufundi utalipwa mara ya pili.

Kuhusu fundi, yapo mambo mawili ambayo hata asiyejua injini anaweza kuyasimamia. Kwanza, aombe kupewa mkanda wa zamani mkononi: ukiwa na nyufa, meno yaliyolika au harufu ya oili, utajua ulivyokuwa karibu na balaa. Pili, baada ya mkanda mpya kuvishwa, na kabla ya kugusa ufunguo, fundi mzuri huizungusha kranki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kisha hutazama kama alama zimerudi mahali pake. Anayewasha moja kwa moja anabahatisha kwa injini yako. Tena msipeleke gari kwa kazi hii katikati ya Desemba, wakati kila mtu anataka kwenda kwao na mafundi wanafanya kazi kwa taa ya tochi.

Baadhi ya wasomaji wataniuliza kama magari yao yanahusika. Noah zilizoanza kutengenezwa mwaka 2001, zenye injini ya 1AZ, hutumia cheni. Kadhalika Hiace za petroli za 1TR na 2TR. Cheni huishi muda mrefu mradi oili ibadilishwe kwa wakati. Hiace za dizeli za 1KD na 2KD hutumia mkanda, na kiwanda huupa kilomita 150,000. Lakini nani atazifikisha katika miaka 5, ikiwa gari ni la kwaya? Aina ya injini imeandikwa kwenye kibati cha gari. Mwombeni fundi awasomee.

Gari la jirani yangu linatembea tena. Juu ya dashibodi, mahali palipokuwa na picha ya timu yake ya mpira, pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wa mama: "Mkanda wa ndani, Septemba 2023, km 171,000. Mwingine Septemba 2028." Neno "wa ndani" limepigiwa mstari mara mbili. Kila mwisho wa mwezi mama huweka 4,000 katika bahasha, na mzee haulizwi. Mwaka jana walikwenda Korogwe kusoma hitima ya marehemu dada yake. Waliondoka siku moja kabla.